Bwana Godoro, Ngazi Moja na Kitanda cha Ng'ambo

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, Mkaguzi wetu Mkuu wa Vitanda atafunga droo yake, atarudi kujaribu kama kweli imefungwa, atarudi mara ya pili, kisha atastaafu. Atakuwa ameitumikia Ofisi ya Kodi ya Mapato, tawi letu la hapa mpakani, kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Siku hizo tisa ameniomba nisizisahau. Aliniomba mara nne.

Mimi ni karani wa masjala. Meza yangu imetazamana na yake kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo kamati ya sherehe ikaona niandike mimi, na ikanipa ukurasa mmoja. Nimewaambia ukurasa mmoja hautoshi hata kwa kofia yake. Wamekubali kwa shingo upande, na mpiga chapa ameshaonywa.

Nianze na swali ambalo limeigawa kantini yetu tangu mwezi wa tatu. Mwaka wa kodi unaanza tarehe mosi Julai. Je, usiku huo wa kwanza wa mwaka, Bwana Godoro, kama tunavyomwita mzee huyu, atalala upande gani wa daraja la mpakani? Msomaji asiyetujua atasema mzee wa watu alale anapotaka, kwani inamhusu nani? Inatuhusu. Ofisi hii imeishi kwa jibu la swali hilo, na yeye mwenyewe ameuliza watu wengine swali hilo hilo maisha yake yote ya kazi.

Alikuja hapa kama fundi rangi. Ofisi ilitaka mtu wa kupaka ubao wa nje, ule mkubwa unaotazama daraja, wenye tarakimu za bati zinazoonyesha kiwango cha kodi ya mapato. Kazi ilikuwa ya siku mbili. Siku ya tatu alionekana bado yupo, akinyoosha tarakimu iliyokaa upande. Siku ya nne Mkuu wa Ofisi wa wakati ule alichoka kumuuliza anafanya nini, akampa ajira.

Miaka mitatu baadaye nchi yetu na ya ng'ambo zikatia saini ule mkataba unaojulikana: mfanyakazi yeyote akae atakako, afanye kazi atakako, avuke daraja bila kuulizwa. Mti wa kizuizi ukang'olewa darajani, na mpishi wa kantini akauchukua kuanikia aproni zake. Tulipiga makofi sana siku ile. Hakuna aliyesoma ukurasa wa mwisho, ulioandikwa kwamba mtu atalipa kodi ya mapato kule anakolala zaidi ya nusu ya mwaka. Yaani si mahali anapofanya kazi, bali mahali kilipo kitanda chake.

Ndipo vitanda vikawa mambo ya serikali. Kukahitajika mtu wa kuvikagua, na fundi rangi akanyoosha mkono kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani ni kazi ya kuvipaka rangi.

Hajawahi kutokea mkaguzi kama yeye. Kila siku kulipopambazuka alikuwa kwenye mlango wa mtu, kofia mkononi, daftari kwapani, salamu kwanza. Aligusa godoro kwa mgongo wa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto. Alitazama mswaki kama umelowa. Kisha aliuliza swali lake moja maarufu: dari linavuja wapi? Mtu anayelala chumbani mwake kweli hulijua tundu linalomdondokea kama anavyolijua jina la mama yake. Mhandisi mmoja wa barabara, mshahara mnono, alikodi chumba upande wetu, akaweka kitanda na viatu viwili chini yake ili aonekane anakaa hapa mwezi ule ambao kodi yetu ilikuwa ndogo. Alipoulizwa dari linavuja wapi, akajibu kwa fahari kwamba halivuji. Bwana Godoro akaandika maneno matatu, akamrudishia kalamu. Nyumba nzima haikuwa na dari.

Jina la Bwana Godoro lilimpata hapo. Hakulipenda kwa mwaka mmoja, akalizoea kwa mwaka wa pili, na wa tatu akaanza kulitumia kwenye simu.

Sasa nieleze mbio. Upande wetu ulikuwa unatoza asilimia thelathini, na ng'ambo thelathini. Siku moja wenzetu wakashusha hadi ishirini na tisa, na kufikia jioni madaktari wanne, rubani mmoja na yule mhandisi wa viatu viwili walikuwa darajani na magodoro yao vichwani. Makao makuu yakatetemeka. Tukashusha hadi ishirini na nane. Magodoro yakarudi. Wao ishirini na saba. Tukaiita Siku ya Magodoro, nayo ilitokea mara mbili au tatu kwa mwaka. Daraja letu ni jembamba, kwa hiyo wanaohama na wanaorudi walikuwa wakikwama katikati, na mara mbili watu walifika nyumbani na godoro lisilo lao. Fundi viatu wa pale kona hakuhama hata siku moja. Alisema kodi yake ni ndogo kuliko gharama ya kumkodi mtu wa kubeba godoro, na kwamba nchi mbili zinapigana kumgombea rubani huku yeye hajaulizwa hata hali.

Makao makuu yalitupa kanuni moja tu ya vita hivyo. Kushusha kiwango tungeweza wenyewe, bila kumuuliza mtu. Kupandisha, mpaka fomu nane, sahihi kumi na mbili na maelezo ya kina. Niliwahi kutafuta fomu hizo masjala nikakuta panya wamezitumia vizuri kuliko sisi.

Upande wa pili, aliyekuwa akibadilisha tarakimu ni mama mmoja mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo zote mbili, tuliyemwita Mama Ngazi. Kila asubuhi saa moja na nusu Bwana Godoro alisimama dirishani na darubini kuusoma ubao wake, naye alisimama dirishani na darubini yake kuusoma wetu. Wote wawili walikuwa wakiinua mkono kusalimiana kabla ya kuharibiana siku. Walijuana kwa sura miaka ishirini bila kuwahi kuzungumza.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu ulianza kuonekana. Ofisi ikabaki na balbu moja, tukawa tunahama nayo kutoka chumba hadi chumba. Shule ya jirani ikafundisha darasa la tano na la sita pamoja, kwa kuwa paa lililobaki lilitosha darasa moja. Barabara ya kuelekea darajani ikapata shimo ambalo mpishi wa kantini alilipa jina na kulizungumzia kama jamaa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kunguru wetu walikuwa na magodoro ya manyoya.

Hapa niseme jambo lisilochekesha, kwa ruhusa yake.

Miaka kumi na moja iliyopita sisi tulikuwa ishirini na mbili na wao ishirini. Wiki ile, binti yake pekee, daktari wa meno, alivuka daraja na kitanda chake. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Bwana Godoro alikuja kazini kama kawaida, akafungua daftari la wakazi, akaweka rula, akalipiga mstari mwekundu jina la mtoto wake. Mstari ulikuwa umenyooka. Nilikuwa nimekaa mbele yake na sikujua nitazame wapi. Alichosema ni sentensi moja tu, tena akiitazama rula: "Asilimia mbili tu, karani. Mbili."

Hakumkasirikia kwa kelele. Kila Jumapili alivuka kwenda kula chakula cha mchana kwake, na kila Jumapili alirudi kabla ya jua kuzama. Hakulala kule hata usiku mmoja. Mjukuu alipozaliwa, miaka sita iliyopita, alimpakata hadi saa kumi na moja na nusu, akatazama saa, akamrudisha kwa mama yake, akashika njia. Tukimuuliza, alijibu kwamba mkaguzi akilala ng'ambo hata mara moja, nani atamwamini tena akigusa godoro la mtu? Tena alikuwa haingii chumba chochote cha kulala kule. Alisema kiko nje ya mamlaka yake. Alikaa sebuleni na kofia gotini.

Mkewe, mshonaji wa mapazia, hakuwa na shida hizo. Yeye alilala kwa bintiye alipotaka, akabeba na cherehani. Matokeo yake ni kwamba mke wa Mkaguzi Mkuu ana faili hapa masjala, nene kuliko la rubani. Mwaka mmoja nyusiku zake za ng'ambo zilifika mia moja na arobaini, na mumewe akamwandikia onyo rasmi. Alilipeleka posta, likaja nyumbani kwake, akalipokea mwenyewe, akatia sahihi, akamkabidhi mkewe mezani. Mama yule alilisoma, akapima upana wake, akalifanya kielelezo cha kukatia pazia. Pazia lenyewe liko dirishani kwetu ofisini hadi leo. Zuri sana.

Mjukuu wake huyo alikuwa na umri wa miezi michache tu tulipofikia wiki ya kioo, na hapa naomba wageni waache kula, kwa sababu mtu anaweza kupaliwa.

Sisi tulikuwa kumi na moja, wao kumi na mbili. Jumapili moja wenzetu waliutoa ubao wao kwenda kupakwa rangi, na nyuma yake kulikuwa na dirisha jipya la kioo, kubwa, limesafishwa likang'aa. Jumatatu saa moja na nusu Bwana Godoro akainua darubini. Ng'ambo akasoma kumi na moja. Akaripoti kwamba wametufikia. Mkuu wa Ofisi akaagiza kumi. Bwana Godoro akapanda ngazi, akaweka kumi.

Jumanne akainua darubini. Akasoma sifuri na moja. Akafuta lenzi, akasoma tena. Sifuri, moja. Aliteremka ngazi za ofisi mbili mbili na kutangaza kwamba wameshuka hadi asilimia moja, tena wameanza na sifuri kwa sababu wale ni watu nadhifu. Kikao cha dharura kilikaa chini ya balbu. Rubani alionekana akikunja godoro. Kufikia saa sita tukaweka moja.

Jumatano akasoma moja. Mkuu wa Ofisi akasema hawa watu hawakubali kushindwa, akapiga meza, balbu ikazimika. Tukaweka sifuri. Alhamisi ng'ambo ikasomeka sifuri. Kwa siku moja na nusu nchi yetu haikumtoza kodi ya mapato mtu yeyote, na Mkuu wa Ofisi alikuwa ameanza kuniamrisha niandike barua ya kupendekeza kwamba sisi ndio tuwalipe wakazi kwa kulala. Nilikuwa kwenye aya ya pili. Mpishi wa kantini alikuwa nje akianika aproni kwenye ule mti wa kizuizi, akatazama ng'ambo, akainua mkono wa kulia, akaushusha, akainua wa kushoto. Kisha tukasikia ukelele: "Jamani! Yule mwanamke wa ng'ambo mwenye aproni nyekundu ni mimi!"

Tulishindana na nafsi yetu kiooni kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na tukashindwa.

Mtu mwingine angejificha. Ningejificha mimi. Bwana Godoro alivaa kofia, akabeba ngazi begani, akavuka daraja mchana kweupe kwenda kwa Mama Ngazi kukiri. Kwa nini alibeba ngazi, hajui hadi leo. Anadhani alitaka kuwa na kitu cha kushikilia. Alipofika alikuta ofisi yenye balbu moja. Mama Ngazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka hadi walinzi wakaingia. Halafu na yeye akakiri. Tangu Jumatano alikuwa ameagizwa ashuke chini ya sifuri yetu, namna yoyote, na hakushuka kwa sababu moja: ngazi yake ilikuwa imevunjika kidaraja cha tatu, na hela ya misumari ilifutwa kwenye bajeti. Hata ubao uliotoka kupakwa rangi ulikuwa umeegemezwa chini ukisubiri. Nchi yao iliokolewa na kukosa misumari.

Mchana ule ndio uliozaa utaratibu tunaouishi sasa, na sijui ofisi nyingine duniani yenye utaratibu kama huu. Ngazi ni moja. Ile yetu. Inakaa katikati ya daraja, imelazwa kwenye ukingo, imefungwa mnyororo wenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwetu, mwingine uko kwao. Upande mmoja hauwezi kugusa kiwango mpaka ukamwombe mwenzake afungue kufuli yake, na ukiomba utaulizwa unataka kufanya nini huko juu. Wote wawili walijaza fomu nane, kila mmoja kwa makao makuu yake. Kwenye maelezo ya kina Bwana Godoro alibandika picha ya lile shimo. Siku ilipofika wakapanda ngazi moja kwa zamu, tarakimu zile zile pande zote: kumi na tano na kumi na tano. Hazijaguswa miaka sita sasa. Shule ina mapaa mawili. Shimo limezibwa, na mpishi alilia kidogo.

Baada ya hapo watu wakaanza kulala wanapopenda. Rubani alihamia ng'ambo kwa sababu ya upepo. Mhandisi wa viatu viwili alirudi kwetu kwa sababu ya mchumba. Na Jumamosi ya kwanza baada ya viwango kulingana, Bwana Godoro alikodi mkokoteni, akausafisha, akausimamisha mdomoni mwa daraja, akakaa juu yake akisubiri kitanda cha binti yake kirudi. Hakumwambia mtu. Nilimwona nikienda sokoni, nikamwona nikirudi. Alikaa hadi jioni na kamba ya kufungia mzigo mkononi.

Binti hakuja. Kesho yake, kwenye chakula cha mchana, alimwambia baba yake waziwazi kwamba hakuhama kwa asilimia mbili. Alihama kwa sababu kliniki ya kule ilikuwa na viti vitatu vya wagonjwa na haina daktari hata mmoja, na kwa sababu, baba samahani, katika nyumba aliyokulia hakuna aliyewahi kulala kupita alfajiri bila godoro lake kuguswa. Haya nimeyapata kwa mkewe, aliyenisimulia akicheka na kufuta machozi kwa pazia la mteja. Mzee alirudi kabla ya jua kuzama kama kawaida yake. Mkokoteni aliurudisha Jumatatu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mkataba wa ngazi unahusu mishahara tu. Pensheni waliisahau. Na mwezi wa tatu mwaka huu wenzetu wa ng'ambo wakatundika ubao mdogo wa pensheni, chini kabisa, unaofikika kwa kusimama kwenye kiti, wakaandika sifuri. Mama Ngazi alipita akaomba radhi, alisema hakuulizwa. Wastaafu saba wa upande wetu wamekwisha kuvuka. Mkuu wetu wa Ofisi akafanya hesabu zake: kama Mkaguzi Mkuu wa Vitanda mwenyewe, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwahimiza watu kubaki, atabeba godoro lake mbele ya watu, basi tufunge ofisi tukauze karanga. Hivyo kamati ikachanga zawadi. Ni kitanda cha mbao ngumu, futi sita kwa sita, kizito kiasi kwamba wabebaji watano walikiacha mlangoni na kudai chai. Kimepimwa. Hakipiti darajani. Naona aibu kusema nilichangia.

Bwana Godoro alikitazama kitanda kile, akakigusa kwa mgongo wa kiganja, akashukuru kwa adabu, akaomba kama hakuna ubaya kibadilishwe na cha kukunja.

Mkuu wa Ofisi alikaa. Mzee akatoa daftari lake na kutusomea mpango wake wa mwaka, tarehe kwa tarehe, kama ratiba ya treni. Nyusiku mia moja themanini na mbili atalala ng'ambo. Nyusiku mia moja themanini na tatu atalala hapa. Atabaki mkazi wetu na mlipa kodi wetu kwa usiku mmoja, na pensheni yake itakatwa kama sheria inavyotaka, kwa sababu amelitazama paa la shule kila asubuhi na anajua limetoka wapi. Mwaka mrefu, ule wenye siku moja ya ziada, nyusiku zitalingana pande zote; amesema nchi mbili ziandikiane barua, yeye atasubiri jibu akiwa amelala.

Mpishi akauliza sasa usiku wa kwanza ni wa wapi. Akasema ni wa ng'ambo. Akaona nyuso zetu, akafunua ukurasa mwingine, akanipa nisome mwenyewe, kwa sababu koo lake, alisema, lina vumbi la faili.

Ilikuwa ni Jumapili ya mwezi wa nne. Mjukuu wake alikuwa amemshika kidole baada ya chakula na kumvuta kuelekea mlango mmoja wa nyumba ile, mlango ambao kwa miaka kumi na moja mzee aliamini ni wa stoo. Alisita kizingitini, mamlaka na nini. Mtoto akasukuma mlango. Na kwa kuwa mkono umeshazoea, mzee alikagua, na alipomaliza aliandika kama anavyoandika siku zote, kwa mwandiko wake wa rula:

"Chumba kimoja. Kitanda kimoja, cha mtu mzima. Godoro baridi, halijalaliwa tangu linunuliwe. Shuka safi, zimebadilishwa wiki hii. Msumari ukutani wa kutundikia kofia. Mswaki mmoja, mkavu, bado uko kwenye karatasi yake. Nimeuliza dari linavuja wapi. Nimejibiwa: haijulikani, hajalala mtu bado. Mkazi anasubiriwa."

Nilirudisha daftari. Mkuu wa Ofisi aliomba kuliona, akalisoma amesimama, akatoka nje kutafuta wabebaji wa kukirudisha kile kitanda.

Ndugu zangu, kitanda cha kukunja kimefika. Kimefungwa utepe, na mtu mmoja anakibeba kwa mkono mmoja. Ufunguo wa ngazi amenikabidhi mimi, ninayeogopa hata kusimama kwenye kiti, na Mama Ngazi ameahidi kunishikia chini. Daftari la vitanda amenikabidhi pia. Kazi yangu ya kwanza kama mkaguzi itakuwa faili lake, na nimeshalifungua. Asubuhi ya tarehe mbili Julai, kwenye safu ya usiku uliolaliwa ng'ambo, nitaandika moja, kwa wino wa buluu. Rula nitaiacha kwenye droo.

Bwana Godoro, asante kwa kila alfajiri uliyoamka ili sisi wengine tujue tumelala wapi. Asante kwa ngazi, na kwa kutubebea aibu yetu begani ukavuka nayo. Sisi sote wa tawi hili tunakuombea afya, miguu ya kuvukia daraja na usingizi mzito pande zote mbili. Na kule ng'ambo ukiamka, mzee wetu, usiguse godoro la mtu. Lala mpaka saa mbili. Mjukuu wako atakuja kukuuliza dari linavuja wapi, na safari hii utakuwa unajua.